Muhuri umefika, na kuna jambo sikuwaambia

Mama shikamoo, Baba shikamoo, na wewe mdogo wangu mambo vipi,

Najua mmezoea nipige simu au nitume sauti wasap, ila hii nimeamua kuiandika kwa sababu kwenye simu nikifika sehemu ngumu huwa nabadilisha mada, mnanijua. Saa hizi ni saa nne usiku, nje theluji inaanguka toka asubuhi, na hapa mezani kuna kiboksi kidogo kilichokuja kwa posta leo. Ndani yake kuna muhuri wa duara. Una jina langu, na pembeni kuna maandishi yanayosema mwenye jina hili ni injinia mwenye leseni wa jimbo la Ontario. Nimeugonga kwenye karatasi ya daftari mara saba, wino haujakauka hata sasa, halafu nikakaa nauangalia tu nikaona hapana, leo niwaandikie na niseme yote.

Miaka yote hii mmekuwa mkiwaambia watu mtoto wetu ni injinia Kanada. Mimi nilikuwa nasikia na kukaa kimya. Ukweli ni kwamba nilivyofika Novemba 2021 huku sikuwa injinia. Miezi 14 ya mwanzo nilifanya kazi kwenye ghala, zamu ya usiku, kupanga maboksi na kuyafunga kwa nailoni mpaka vidole vinakufa ganzi. Ile picha niliyowatumia nimevaa helmeti na reflekta, ambayo mama uliniambia umeifremu ukaitundika sebuleni, ilipigwa ghalani. Sikusema niko saiti ila pia sikusema kwamba siko saiti, na nilijua kabisa mtaelewa vipi. Nisameheni kwa hilo. Lilikuwa linaniuma kila nikisikia Baba ananitambulisha kwa wageni kwenye vidio.

Mtajiuliza inakuwaje mtu ana digrii, ana miaka sita ya kazi, amepewa viza kwa sababu hiyohiyo ya uinjinia, halafu akifika siyo injinia. Hata mimi nilikuwa sielewi. Kumbe ni milango miwili tofauti na mimi nilidhani ni mmoja. Wa kwanza ni uhamiaji. Pale unapeleka vyeti vyako vifanyiwe tathmini, wanaandika digrii yako ni sawa na digrii ya Kanada, unafanya mtihani wa lugha, unapata pointi, unaingia. Ile karatasi ya tathmini niliilala nayo kifuani, nikajua yameisha. Mlango wa pili ni leseni, na huo uhamiaji hawahusiki nao kabisa. Kila jimbo lina chombo chake cha wahandisi, viko 12 nchi nzima, na ni hicho chombo ndicho kinachosema nani aitwe injinia na nani asiitwe. Jina lenyewe linalindwa na sheria. Huwezi kuweka P.Eng. (kifupi cha injinia mwenye leseni) baada ya jina lako kama huna leseni, ni kosa kama mtu anayejiita daktari wakati siyo daktari.

Mwanzoni nilikasirika sana. Nilikuwa najisemea zege ni zege, mvutano wa dunia haubadiliki ukivuka bahari, nondo haijui pasipoti. Hasira hiyo iliisha nilipopata kazi kwenye kampuni ndogo ya ukarabati wa majengo, mwanzoni mwa 2023, kama fundi sanifu siyo injinia. Wiki ya pili bosi akanipa mahesabu ya boriti niangalie. Kwenye michoro imeandikwa zege la megapaskali 30, yaani kipimo cha nguvu yake, nikaenda nalo moja kwa moja vile nilivyofundishwa kwa BS 8110, kile kiwango cha Uingereza cha majengo ya zege, nikampelekea nikiwa najiamini. Akaniuliza swali moja tu, hii 30 yako ni ya nini? Nikakaa kimya. Sisi tulisoma nguvu ya zege kwa kuvunja mchemraba, yaani kile kipande cha pande sita, na huku wanavunja silinda. Zege lilelile ukilivunja kwa umbo la silinda linatoa namba ndogo, kama asilimia 80 hivi ya ile ya mchemraba. Kwahiyo 30 yao na 30 yangu ni zege mbili tofauti! Na nondo vilevile, wanaandika 15M nikajua ni milimita 15, kumbe kipenyo chake ni 16, na ile 10M ni 11.3. Bosi hakunifokea, alinipa vitabu vyao vya viwango akasema soma kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilisoma mpaka macho yakauma. Fizikia ni ileile kweli ila makubaliano ya namna ya kuiandika ni mengine, na mtu akifa hafi kwa fizikia ya kitabuni, anakufa kwa sababu mtu mmoja aliandika namba na mwingine akaisoma kivingine.

Kazi yenyewe sijawahi kuwaelezea vizuri, ngoja nieleze maana naipenda kwakweli. Tunakagua maegesho ya magari yaliyo chini ya majengo. Huku wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, magari yanaibeba kwenye matairi na chini ya bodi, yakifika kwenye maegesho yenye joto barafu inayeyuka na yale maji ya chumvi yanatuama kwenye sakafu ya zege. Yanazama polepole, miaka kumi, ishirini, mpaka yanafika kwenye nondo. Nondo inaanza kutu. Sasa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwahiyo inasukuma zege kutoka ndani, tabaka la juu linaachana na la chini na wewe kwa macho huoni kitu, sakafu imenyooka, magari yanapita.

Namna ya kugundua ndiyo inayonifurahisha. Tunaburuta mnyororo. Mnyororo wa chuma kabisa, umefungwa kwenye mpini, unatembea nao taratibu sakafu nzima unasikiliza. Zege zima linatoa mlio mkali wa juu, shaaaa, na ukifika pale lilipoachana mlio unabadilika unakuwa mzito na mtupu, kama unagonga debe lisilo na kitu. Unasimama, unarudi nyuma, unaburuta tena, unachora mpaka wake kwa chaki. Mwenzangu ananifuata na karatasi ya vipimo. Siku ya kwanza sikusikia tofauti yoyote. Mwezi wa tatu nilianza kusikia kabla hata sijafika, na siku hiyo nilirudi nyumbani nimechoka hoi ila kwa mara ya kwanza toka nifike nilihisi niko kwenye fani yangu. Siku hizi naingia kwenye jengo lolote naangalia dari la maegesho kwanza.

Baba, sasa nakuja kwako. Mwaka 2023, mwezi wa tano, Ontario waliondoa lile sharti la kutaka uzoefu wa Kanada kwenye kuomba leseni. Yaani ile miaka sita ya kazi niliyofanya nyumbani ikawa na thamani. Lakini kusema tu umefanya haitoshi, unatakiwa ueleze ujuzi 34 mmojammoja, umepangwa kwenye makundi 7, na kwa kila mmoja unatoa mfano wa kazi halisi: tatizo lilikuwa nini, wewe mwenyewe ulifanya nini, siyo timu, wewe, na matokeo yakawa nini. Halafu kila mfano lazima athibitishe mtu aliyekuwepo. Na mtu aliyekuwepo kwenye kazi zangu kubwa mbili ni yule injinia mkuu wangu wa zamani ambaye alishastaafu, namba yake haipatikani, imeili inarudi. Niliandika ujumbe kwa kila mtu ninayemkumbuka pale ofisini, hakuna anayejua alipo.

Unakumbuka nilikupigia nikasema nina shida kidogo na makaratasi, kama unaweza kumtafuta yule mzee? Sikukuambia ni nini hasa. Na wewe hukuuliza. Ulipanda basi, ukauliza mtu hadi mtu, siku mbili, ukampata nyumbani kwake, ukakaa naye ukampa simu yako tuongee, tena ukasubiri mpaka mjukuu wake amfungulie imeili mpya. Yule mzee alikumbuka kila kitu Baba. Alikumbuka ile nguzo niliyokataa isimwagwe zege kwa sababu ringi za nondo ziliwekwa mbalimbali kuliko mchoro, na mkandarasi alivyopiga kelele. Mimi nilishaisahau. Aliiandika yeye. Hiyo ndiyo habari iliyobeba maombi yangu, na ilifika huku kwa miguu yako. Ndio maana nasema muhuri huu, hata kama una jina langu, wewe ndiye uliyeutafuta kwa miguu.

Baada ya hapo ikabaki mitihani. Ile ya kiufundi, niliyopangiwa kwa kuwa nilisoma nje, na ule wa sheria na maadili, maswali 110 ya kuchagua kwa saa mbili na nusu. Huu wa pili niliudharau nikasema maadili nani hajui, kumbe ndio ulionifundisha zaidi. Wakati najisomea nikakutana na habari ya Elliot Lake, mji mdogo wa hukuhuku Ontario. Kulikuwa na jengo la maduka lenye maegesho juu ya paa. Paa hilo lilivuja toka jengo lilivyofunguliwa, maji na chumvi vikawa vinapita kwenye maungio ya chuma miaka zaidi ya 30. Tarehe 23 Juni 2012 likaanguka, wanawake wawili wakafa. Tume ya uchunguzi ikaja kueleza kwamba aliyekagua lile paa wiki chache tu kabla alikuwa ameshanyang'anywa leseni, na kwamba ripoti yake ilibadilishwa baada ya mwenye jengo kuomba. Nilisoma hiyo saa nane usiku nikafunga kompyuta. Maana ni kazi yangu ileile. Chumvi ileile, maegesho yaleyale. Toka siku hiyo sijalalamika tena kuhusu mlango wa pili, wana haki ya kuniuliza mimi ni nani kabla hawajaniacha nisaini kwamba paa hili ni salama na watoto wao wapite chini yake.

Mdogo wangu, umeniuliza mara tatu kama uanze makaratasi na mimi nimekuwa nakujibu tutaongea. Haya tuongee. Sikukatazi. Ila usije kama nilivyokuja mimi. Kabla ya kitu kingine nunua daftari gumu na kila siku ukitoka saiti andika: tarehe, mchoro namba ngapi, ulihesabu nini, uligundua kosa gani, nani alikubali. Usiandike "tulimwaga slabu", andika wewe ulifanya nini. Mimi nilikaa wiki nzima nikijaribu kukumbuka kina cha boriti moja ya 2017 na sikukumbuka. Na waliokusimamia, chukua mawasiliano yao yote mapema, ya ofisini hayatoshi maana watu wanastaafu, wanahama. Pili nenda chuoni sasa hivi ukiwa karibu uchukue maelezo ya kila somo ulilosoma, siyo matokeo tu, yale yanayoonyesha mlifundishwa nini, kwa sababu watataka kujua na ukiwa mbali kuyapata ni mateso.

Na uliza pia kama digrii ya chuo chako inatambuliwa kwenye Makubaliano ya Washington, ni mkataba wa 1989 ulioanza na nchi sita, Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand, wanakubaliana digrii za uhandisi za wenzao, baadae wengine wakaongezeka, kwa Afrika walianza Afrika Kusini walioingia 1999. Kama imo, njia inakuwa fupi kidogo ila haikupi leseni, usije ukaambiwa na ajenti kwamba inakupa. Australia wao, kama digrii haimo, wanataka uandike habari tatu za kazi ulizofanya mwenyewe, kwahiyo ona, huku au kule unarudi kwenye lile daftari.

Na ukija ukajikuta ghalani, niambie. Waambie na wazazi. Mimi upweke wa kuficha uliniumiza kuliko zile zamu za usiku.

Mama, ile picha naomba uitoe kwenye fremu. Nimekuwekea nyingine humu, nimepigwa wiki iliyopita kwenye maegesho fulani ghorofa ya tatu chini ya ardhi, nimeshika mnyororo, uso una vumbi, haijatoka vizuri sana ila niko kazini kweli.

Baba, jioni ukipata nafasi mpigie yule mzee umwambie imepita, mwambie na ile nguzo iliandikwa kwenye maombi kwa maneno yake mwenyewe. Jumatatu nina ripoti ya kusaini, ya kwanza yenye muhuri wangu, kurasa 41, nimeshaisoma mara mbili na kesho naisoma tena. Nitapiga Jumapili mkitoka kanisani, mkae wote karibu na simu.

Mwanenu.