Shimo la majitaka likaguliwe kabla halijafunikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu kazi inayofanyika karibu kila mtaa wa Dar es Salaam bila kuangaliwa na yeyote mwenye mamlaka, nayo ni uchimbaji wa mashimo ya majitaka ya majumbani, hasa lile shimo la pili au la tatu ambalo mwenye nyumba huchimba baada ya la kwanza kujaa. Mtandao wa mabomba ya majitaka wa jiji unahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi, na sisi wengine wa Tabata, Kimara, Mbagala na Gongo la Mboto tunategemea kilichochimbwa nyuma ya nyumba. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, kwa hiyo mashimo ninayoyasema si machache.

Ombi langu ni kwamba afisa afya wa kata alione shimo likiwa wazi, kabla ya kumwagwa zege la mfuniko, na kwamba ukaguzi huo uyahusu pia mashimo yanayochimbwa miaka mingi baada ya nyumba kukamilika. Mtu anapoomba kibali cha ujenzi, ramani yake hupelekwa manispaa ikiwa na mchoro wa tangi na shimo la kunyonya, yaani shimo linaloyaacha maji yapenye kwenye udongo, vyote vimechorwa kwa vipimo vizuri, ikagongwa muhuri. Kinachojengwa baada ya hapo hutegemea fedha iliyobaki na maneno ya fundi, na shimo likishafunikwa hakuna awezaye kujua lina ukuta wa namna gani wala limeishia kwenye udongo gani.

Katika miaka niliyosimamia ujenzi wa nyumba za watu, nimeona jinsi mfumo huu unavyofupishwa. Inavyotakiwa, maji kutoka chooni na bafuni hupita kwanza kwenye tangi lisilovuja, lenye vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa kuliko cha pili, yakatulia humo angalau siku nzima ili tope lishuke na mafuta yaelee, ndipo maji yaliyobaki yaende kwenye shimo la kunyonya. Anayebana matumizi huliacha tangi na kuchimba shimo moja tu la kupokea kila kitu. Tope huenda moja kwa moja kwenye kuta za udongo na kuziba vinyweleo vyake, na baada ya muda si mrefu shimo linakuwa pipa lisilopitisha maji.

Hata aliyejenga tangi hukosea mahali pengine, kwa kuwa ukubwa wa shimo la kunyonya huamuliwa kwa mazoea badala ya aina ya udongo. Tuchukue familia ya watu sita inayotumia lita 600 kwa siku. Shimo la mviringo lenye upana wa mita 1.5 na kina cha mita 3 lina ukuta wa takriban mita za mraba 14. Katika mchanga, ambako kila mita ya mraba inaweza kupokea lita 30 hadi 50 za majitaka kwa siku, shimo hilo linaweza kujitahidi. Katika mfinyanzi, ambako kiasi hicho hushuka hadi lita 10 hivi, linapokea lita 140 tu, na familia hiyo ingehitaji mashimo matano ya namna hiyo. Badala ya kupima, mwenye nyumba huambiwa aongeze futi, anaongeza, na mwaka wa pili anaita tena gari la kunyonya. Kupima kwenyewe si kazi ya maabara. Huchimbwa kishimo, kikajazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ulowe, kisha asubuhi hujazwa tena na mtu akatazama saa aone maji yanashuka kwa kasi gani. Sijapata kuona kipimo hiki kikikataliwa kwa gharama, hakifanywi tu.

Kuongeza futi kuna hatari nyingine, nayo ni maji ya ardhini. Kuanzia bonde la Msimbazi hadi maeneo ya pwani kama Mikocheni na Msasani, maji hayo yako karibu, na wakati wa masika hupanda zaidi. Viwango vinavyotumika sana vinataka kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na kisima kiwe umbali wa mita 30 au zaidi. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 umbali huo haupo, na kisima kinachoweza kuathirika mara nyingi ni cha jirani. Mji uliopitia kipindupindu cha mwaka 2015 hauna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Anayechimba kiangazi na kukuta pakavu hudhani amemaliza, lakini masika yakifika shimo lake linajaa kwa chini, na tangi lililonyonywa likaachwa tupu linaweza kuinuliwa na maji hayo kama mtumbwi, likavunja mabomba yote yaliyounganishwa nalo.

Hayo yote ni ya mwenye nyumba. Ya mchimbaji ni mazito zaidi, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Hivi karibuni nilisimama karibu na shimo moja katika mtaa ninaoishi. Kina chake kilipita kimo cha watu wawili. Juu palikuwa na mchanga mwekundu, chini mfinyanzi wa kijivu uliokuwa ukitoa majimaji upande mmoja tu, ule ulioelekea shimo la zamani lililokuwa hatua chache kutoka hapo. Kijana aliyekuwa chini alikuwa peku na hakuwa na kofia ngumu. Kila ndoo ilipopandishwa kwa kamba ilipita juu ya kichwa chake ikidondosha udongo, na mwenzake aliyekuwa akivuta alisimama juu ya kifusi kilicholundikwa ukingoni. Nilimwuliza kama hana wasiwasi. “Mzee, huku chini kuna ubaridi, jua liko kwenu,” alinijibu, na wote wawili wakacheka.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Udongo uliotoka kwenye shimo la vipimo nilivyotaja hapo juu unakaribia tani nane, na uzito huo ukikaa ukingoni unasukuma ukuta uangukie ndani. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi ingawa kichwa chake kiko nje, kwa sababu kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Kifusi kinapaswa kuwekwa mbali na ukingo, na kwenye mchanga ukuta unatakiwa kushikiliwa. Njia ninayoipendekeza ni ya makaravati ya zege, yaani pete kubwa za zege zilizo wazi juu na chini: la kwanza huwekwa juu ya ardhi, mchimbaji akaingia ndani yake na kuchimba chini ya ukingo wake, nalo likashuka kwa uzito wake mwenyewe huku likimkinga, kisha jingine likapachikwa juu yake. Ni ghali kuliko tofali, sikatai.

Kwenye kuchimba pembeni ya shimo la zamani kuna pia gesi. Salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza, ni nzito kuliko hewa na hukaa chini, na inapokuwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa, hivi kwamba mtu hudhani harufu imeisha kumbe ndiyo imezidi. Anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa bila kamba, naye anaanguka. Hakuna anayepaswa kushuka humo bila kamba iliyofungwa mwilini na watu wawili juu wa kumvuta.

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kwa maoni yangu shimo ambalo mtu analipwa kulichimba ni mahali pa kazi sawa na ghorofa linalojengwa mjini. Lakini kibarua huyu hulipwa kwa futi. Kila saa anayotumia kusogeza kifusi au kusubiri karavati ni saa isiyolipwa, na kumlaumu yeye kwa haraka yake si haki. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kulipia muda huo, na atalipia pale tu atakapojua kuna mtu atakuja kuangalia.

Nafahamu watakaosema ukaguzi utafungua mlango mwingine wa usumbufu na rushwa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana napendekeza ada ndogo iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya serikali ya mtaa, fomu ya ukurasa mmoja, na muda maalumu, tuseme siku tatu za kazi, ambao afisa afya asipofika mwenye nyumba aruhusiwe kuendelea baada ya kupiga picha za shimo na kuziwasilisha.

Fomu hiyo iwe na sehemu ya shimo la zamani pia. Wengi huliacha na mfuniko wake uliochoka, watoto wakacheza juu yake, na baadaye mpangaji asiyejua chochote akaegesha gari hapo. Shimo lililoachwa linyonywe, lijazwe kifusi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, na mahali lilipo paonyeshwe kwenye mchoro unaobaki katika faili la nyumba.

Wako,
Msimamizi wa ujenzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam