Shangazi, usimwache aende mahakamani peke yake

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia hadharani, bila jina, kwa sababu walezi wenye mzigo kama wako Dar hii ni wengi.

Nimesikia umeapa hutakanyaga mahakama ya Kisutu kwa kesi ya huyo mtoto unayemlea, kwamba aliyelikoroga atalinywa mwenyewe. Kuiba simu ameiba, hilo halina ubishi. Lakini ana miaka 15, na kituoni wamemtazama urefu wake wakaandika 19. Namba hiyo inaninyima usingizi. Kwa 19 atawekwa na watu wazima, na akitiwa hatiani anaweza kufungwa. Kwa 15, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kabisa mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela, na akikosa dhamana pa kumweka ni mahabusu ya watoto, pale Upanga.

Kwa hiyo tafuta cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, ile kadi ya kliniki iliyochakaa, uliyoihifadhi kwenye sanduku la vitenge, tarehe yake bado inasomeka. Mahakama inapaswa kuuchunguza umri, lakini bila karatasi mkononi itauchunguza kwa lipi?

Unaogopa macho ya majirani. Mahakama ya Watoto haisikilizi kesi mbele ya umati. Anakuwepo hakimu, afisa ustawi wa jamii, wakili kama yupo, na mzazi au mlezi. Hiyo nafasi ya mlezi ni yako, Shangazi.

Afisa ustawi atataka kujua anaishi na nani, shule aliacha lini na kwa nini. Usimfiche. Mweleze kwamba baba yake alipofariki ada ilikatika, mtoto akahamia kushinda stendi. Taarifa ya afisa huyo ndiyo itakayomwonyesha hakimu huyu ni mtoto wa namna gani. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, au arudi nyumbani chini ya uangalizi. Asipoonekana wa kumpokea, arudishwe kwa nani? Anaweza kupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, kule Mbeya. Siibezi shule hiyo, ila nauli ya Mbeya tunaijua, na mimi naamini mtoto hurekebishika akiwa karibu na watu wake.

Jumapili nakuja tuitafute kadi, Jumatatu tudamke. Ukiona haya kuzungumza, nitazungumza mimi. Wewe uwepo tu, hakimu akiuliza mlezi ni nani, usimame.