Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa mtaa wetu: nguzo ipo, taa haipo

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,

Salaam. Natumaini barua hii inakukuta salama pamoja na familia, na ile presha iliyokuwa ikikusumbua imetulia. Sisi huku bondeni tupo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini kwako nimeshafika mara nne. Mara mbili niliambiwa uko kwenye kikao cha kata. Ya tatu niliambiwa niache namba ya simu. Ya nne nilikukuta, ukanisikiliza vizuri sana, ukaandika kwenye daftari. Hilo daftari ningependa siku moja nilione.

Jumanne iliyopita, saa kumi na nusu alfajiri, nilikuwa nimeshabandika chuma cha vitumbua, mafuta yamepata moto. Dada mmoja muuguzi, ambaye huwahi daladala ya kwanza, alikuwa anapita kando ya ukuta na mkoba begani. Pikipiki ikaja imezima taa, imepakia wawili. Vishandu, wale waporaji wa pikipiki. Wa nyuma akavuta mkoba, dada akaung'ang'ania, wakamburuta hatua kama sita mpaka mkanda ukakatika. Pikipiki ikayumba, ikaja moja kwa moja mezani kwangu. Ndoo ikapinduka, jiko likalala ubavu, mafuta yakammwagikia mguuni binti anayenisaidia. Wenyewe wakainuka, wakaondoka, na mkoba wakaondoka nao. Mimi nimebaki nimeshika upawa, naangalia unga wa vitumbua unatambaa kuelekea mtaroni, na paka wa jirani ameshaanza kuulamba.

Waliotukimbilia ni vijana wa bodaboda wa kijiweni, wale wale ambao kila mkutano tunawasema vibaya. Mmoja alimpakia binti kwenda kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kituo kidogo cha polisi kimefungwa. Kile hufungwa jioni, kama duka la vitenge. Mpaka wanaipata kwenye kituo kikubwa ni saa mbili asubuhi, na malengelenge yamevimba kama mayai.

Sasa nikukumbushe kidogo, maana una mambo mengi. Novemba 2024, wakati wa kampeni, ulisimama pale pale kwenye meza yangu. Ulikula vitumbua vinne ukiwa umesimama, ukasifu hiliki. Ukanyoosha kidole juu ukasema, "Mama, hii nguzo ndani ya siku mia moja itakuwa na taa." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, na upawa mkononi. Mheshimiwa, siku mia za kwako zinahesabiwaje? Mkono wa taa mlikuja kuufunga kweli, sikunyimi haki yako. Umebaki mkono. Ndege wamejenga.

Barabara nayo. Tangu Barabara ya Bagamoyo ianze kuchimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, kila anayekimbia foleni anakatiza kwetu: daladala, malori ya mchanga, magari ya watu wazito yenye vioo vyeusi. Kisha greda likapita likatuchongea njia, tukashukuru. Tulikuwa tunayalilia mashimo, kumbe mashimo ndiyo yalikuwa matuta yetu. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Simama getini kwa shule ya msingi saa moja kasorobo asubuhi, uone watoto wanavyovuka wameshikana mashati, kisha uniambie nani anaijua hiyo 50.

Tulijitahidi wenyewe. Tulichanga, tukaleta kifusi na saruji, tukajenga matuta mawili. Hazikuisha siku tatu, ofisi yako ikaagiza yavunjwe kwa kuwa si ya kitaalamu. Sawa, tulikosea, pikipiki ingeweza kuruka pale ikaua mtu. Lakini ule wepesi! Wavunjaji walifika saa mbili kamili, na sululu zao. Ya kitaalamu tunayasubiri mpaka leo. Najua barabara za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si wewe unayemwaga lami. Ila maombi ya wananchi yanaanzia mezani kwako, na nikikuuliza kama barua ilishaandikwa unaniambia "linashughulikiwa". Barua ya ukurasa mmoja inashughulikiwa vipi mwaka mzima?

Suala la ulinzi shirikishi sitaki kulisema sana, nisije kuonea watu. Kila mwezi natoa shilingi 3,000, stakabadhi ninazo zote kwenye kopo la maziwa. Zamani filimbi ilikuwa inalia mpaka alfajiri. Siku hizi ikifika saa sita kimya. Wengine wanasema vijana hawajalipwa, wengine wanasema mambo mabaya zaidi, mimi nadhani ni njaa tu: nani atazunguka gizani na kirungu kwa ahadi? Mwaka 2022, panya road, yale magenge ya vijana waporaji, walipoitikisa Dar, wanaume wa mtaa huu walikesha nje kwa zamu, na mimi ndiye niliyekuwa napika chai. Kwa hiyo usiseme wananchi hatujitoi. Tusomee tu mapato na matumizi, kila mtu ajue elfu tatu yake inalala wapi.

Binti bado hajarudi kazini. Dawa nanunua mimi. Siku tano sikuuza, na anayejua biashara ya vitumbua anajua siku tano ni nini: mteja akishazoea chapati za ng'ambo ya pili, humpati tena. Kodi ya chumba haijui habari za vishandu.

Nilitaka nikuombe mambo mengi. Matuta, kivuko cha watoto, kituo kilale wazi, walinzi walipwe. Nimeandika yote kisha nikajiona kama naimba. Basi yaache hayo kwenye daftari lako. Naomba taa. Moja. Ile ya nguzo uliyoinyooshea kidole. Nguzo ipo, mkono upo, waya unapita juu yake. Kama shida ni umeme, uvutwe kutoka chumbani kwangu, luku nitanunua mwenyewe, nimeshaongea na wapangaji wenzangu na wamekubali kuchangia. Kama shida ni balbu, sema ni ya aina gani nikaitafute Kariakoo. Kama shida ni ngazi, fundi mwenye ngazi yupo, anadaiwa na mimi vitumbua vya wiki mbili.

Taa tu, Mwenyekiti. Jumatatu nafungua tena, saa kumi alfajiri, pale pale. Mpaka utakaponijibu nitakuwa nakaanga kwa tochi ya simu, nimeishikilia kwa meno.

Wako mtiifu,
Muuza vitumbua wa kwenye nguzo