Krismasi njema, na walio gerezani Kodiaga pia

Krismasi njema watu wangu wa Kisumu, na nyote mlio kwa mabasi saa hii mkienda Siaya, Busia, Kakamega, nauli imepanda kama kawaida yao lakini mfike tu salama. Hapa Kondele jirani anasukuma chapati tangu asubuhi na hiyo harufu inatutesa.

Sasa, tangu Jamhuri Dei tarehe 12 watu wamekuwa wakibishana juu ya rais kusamehe wafungwa, juzi kwa kinyozi ilikuwa karibu watu washikane mashati, huyu anasema ni utu, yule anasema aliyeua naye auawe tumalizane. Mimi hiyo ya auawe siiwezi. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, Kibaki 2009 aliwatoa zaidi ya 4,000 kwa hukumu ya kifo wakabaki na kifungo cha maisha, Uhuru 2016 akawatoa wengine 2,747, na nchi haikuharibika. Halafu sisi wenyewe tunaodai haki ndio tukisikia "mwizi!" tunatafuta tairi kwanza, kuuliza ameiba nini ni baadaye, na wakati mwingine hata si yeye.

Lakini kuna mama anauza omena Kibuye, kijana wake alidungwa kisu akafa. Yeye hataki mtu anyongwe, anasema matanga yamemtosha. Kinachomnyima usingizi ni kwamba siku huyo jamaa aliyemuua atatoka, yeye atajua tu akimkuta stejini anakula mahindi choma, na hakuna mtu atakuwa amempigia hata simu. Sasa hapo utamwambia nini? Katiba kifungu cha 133 inasema kamati inayomshauri rais kuhusu msamaha inaweza kuzingatia maoni ya walioumizwa, yaani ikitaka, isipotaka basi. Mimi ningesema ilazimishwe, hata kama mama atakataa na rais bado asamehe, lakini awe ameulizwa na ajue tarehe.

Haya, wenye mtu wenu Kodiaga mkienda kumwona bebeni kitambulisho na mtoke mapema. Na wale ambao mtu wenu aliuawa, poleni sana, najua hii siku ni ngumu. Mama wa omena tushamwambia asipike, anakula kwetu.