Usiwatoe Jumamosi Hii

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeipata, na nilicheka peke yangu nilipofika pale uliposema vifaranga wanaruka mpaka ukingoni mwa boksi na kukukodolea macho kama wenye nyumba. Pole kwa vumbi. Manyoya mapya hutoka yamefungwa ndani ya vifuko vyembamba, na vifuko hivyo vikipasuka hugeuka unga. Ongeza maranda na vumbi la chakula, basi utafuta meza asubuhi na jioni itakuwa nyeupe tena. Najua umewachoka, na banda ulilojenga linakutazama pale nje. Hata hivyo nakuomba Jumamosi hii, unayotaka kuwahamishia huko, uipitishe.

Umesema wana wiki 4 na wameshaota manyoya. Yanayoonekana, ndiyo. Mabawa na mkia ndivyo huwahi, kwa hiyo ukimtazama kifaranga kwa juu unaona kuku mzima. Mshike mmoja taratibu, mgeuze, halafu umpulizie tumboni na chini ya bawa. Ukiona ngozi, au vile vinyoya laini alivyozaliwa navyo, huyo bado. Vinyoya hivyo vinafaa ndani ya boksi lenye taa ya joto. Upepo ukipita au vikilowa, havina kazi. Wengi hukamilisha manyoya wanapokaribia wiki 6. Wa nyama wakati mwingine huchelewa ingawa wana mwili mkubwa kuliko wenzao, kwa hiyo ukubwa nao usikudanganye.

Ila mwenye kuamua si manyoya peke yake, ni usiku. Wewe umepima jua la mchana, ukaona nje kuna joto kuliko hata sebuleni. Kifaranga hafi mchana. Kumbuka tulivyoanza: wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha tunashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Kwa hesabu hiyo, wa wiki 4 bado anataka nyuzi 23 hadi 26, na zikishuka ghafla hana akiba ya mwili ya kupambana nazo. Tundika kipimajoto ndani ya banda, chini kabisa, usawa wa migongo yao, ukisome alfajiri kabla jua halijachomoza. Hiyo ndiyo saa inayouma. Fanya hivyo siku kadhaa, maana usiku mmoja wa joto hauthibitishi kitu.

Wakati huo huo, anza kuwaachisha taa wakiwa bado ndani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, wanaowahamisha kwanza na kuwapunguzia joto baadaye. Mimi naona kifaranga asikutane na baridi, giza na ugeni usiku mmoja. Zima taa mchana kwanza. Baada ya siku chache, iinue juu zaidi usiku. Kisha izime usiku kucha, wewe ukiwa karibu. Wasikilize: wakiridhika hutoa sauti ndogo ya kunong'ona, kisha kimya. Wakiona baridi hulia kwa sauti kali, moja moja, bila kukoma, na kubanana. Wakilia hivyo, washa tena ujaribu baada ya siku mbili.

Giza nalo ni somo la peke yake. Vifaranga wako wamezaliwa kwenye mwanga na kulala kwenye mwanga. Kuku haoni vizuri gizani, na asiyelizoea giza hushtuka likimshukia mara moja. Wote hukimbilia pembe moja, wanapandana, na walio chini wanakosa hewa. Asubuhi unawakuta wamelaliwa, halafu mtu anasema ni baridi au ugonjwa. Kwa hiyo pembe za banda ziba kwa vipande vya boksi vilivyopindwa ili kusiwe na kona ya kujazana. Na usiku wa kwanza kwanza wape taa ndogo hafifu, ya kuonea tu. Ukiamua kuweka ya joto, ifunge kwa mnyororo, si kwa kamba, maana maranda makavu hayahitaji kuambiwa mara mbili yashike moto. Giza likishaingia, nenda ukawatazame. Waliopandana watenganishe kwa mkono, mmoja mmoja, bila kelele.

Siku yenyewe ya kuwahamisha, fanya asubuhi, wapate mchana mzima wa kulijua banda. Nenda nao na vyombo vyao vilevile vya maji na chakula, uviweke mahali wanapoviona mara wanapoingia. Chakula usikibadilishe. Waendelee na cha vifaranga mpaka wiki 8 hivi, ndipo uanze kuchanganya na cha kukuzia kidogo kidogo. Kama kuna chanjo inayokaribia, mwulize mtaalamu wa mifugo ipangwe siku nyingine. Kuhama peke yake kunawatosha. Jioni papasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, la wachache wao. Likiwa limejaa, wamekula. Likiwa tupu, hawajapaona chakula kilipo, na huo usiku utakuwa mrefu kwao.

Sasa banda. Wavu ulionieleza, wa matundu makubwa, unazuia kuku asitoke lakini hauzuii adui asiingie. Cheche anapenya, panya anapenya, na paka haina haja ya kupenya: anaingiza mkono na kuvuta. Sehemu ya chini yote, mpaka usawa wa magoti yako, weka waya mgumu wa matundu ya milimita 13. Kisha uzike waya huo sentimita 30 ardhini, au uulaze nje kuzunguka banda na kuufukia, ili anayechimba akutane nao. Komeo liwe la kufunga kweli; kipande cha mti kilichoegemezwa si komeo.

Halafu usizibe kila tundu kwa kuogopa baridi. Banda lililozibwa kabisa hujaa unyevu wa pumzi na wa kinyesi, na harufu kali inayochoma mapafu yao. Ziba chini, wanapolala, acha wazi juu ya vichwa vyao. Ukitaka kujua kama hewa inatosha, usisimame mlangoni. Chuchumaa, uso uwe pale walipo, uvute pumzi. Macho yakikuwasha wewe, wao wanaishi humo usiku kucha.

Unyevu huo ndio unaonitia hofu kuliko baridi. Kuhara damu hupenda sana umri huu, kati ya wiki 3 na 8. Vimelea hutoka na kinyesi, na wakipata joto, hewa na maranda yenye maji, mayai yao hukomaa kwa siku 1 au 2 tu, tayari kuambukiza. Dawa nyingi za kunyunyizia hazifui dafu mbele ya mayai hayo. Ukavu ndio kinga. Weka chombo cha maji juu ya tofali, na kila penye maranda yaliyogandamana utoe na kuweka makavu. Ukimwona mmoja amejikunyata, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, chungulia kinyesi. Ukiona damu usingoje kesho, tafuta daktari wa mifugo. Dawa ya amprolium kwenye maji ndiyo inayotumika sana, lakini soma kwanza mfuko wa chakula, maana baadhi tayari vina dawa ya kinga.

Na wale kuku wako wakubwa, hapana, usiwachanganye hata kama wanaonekana wapole. Mkubwa anaweza kubeba vimelea hivyohivyo bila kuonyesha dalili yoyote, tena atawadonoa. Wazoeane kwanza kwa kutazamana kupitia waya, mpaka wadogo wakaribiane nao kwa kimo.

Wakishahamia, wafungie ndani kama wiki nzima bila kuwafungulia uwanja. Wakishajua pale ndipo kwao, wafungulie jioni, muda wa kama saa moja kabla ya chakula, wakiwa na njaa. Watarudi wenyewe ukigonga bati.

Niandikie ukishapata vipimo vya alfajiri, tupange siku. Waya wa milimita 13 ninao uliobaki nilipomaliza banda langu. Sidhani kama utatosha pande zote, ila mlango na ule upande wa nyuma utavimudu. Nikija nitakuja nao na koleo.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwenzako,
Zuhura