Barua kwa mwanangu: usimpeleke Karis Menengai tena

Mum (hata ukifika miaka sitini bado nitakuita hivyo, jina la mamangu ndilo umebeba),

Nimesoma meseji yako mara mbili. Ati mlipanda Menengai, ule mlima wa volkeno wenye shimo kubwa juu ya Nakuru, na kijana wako Karis, mkalipa boda mbili, mkakaa kwa baridi karibu saa nzima, kijana akahesabu nyota kumi na nne halafu akauliza kama Njia ya Maziwa (ule ukanda mweupe wa nyota) imefungwa. Nimecheka mpaka mamako akatoka jikoni kuuliza ni nini. Lakini pia nimejilaumu, juu hii mambo ningekuambia siku ile ulihamia Njoro, nimeijua tangu nikiwa tanboi wa lori. Ningepiga simu lakini unajua simu yangu ikianza haiishi na wewe uko kazini, wacha niandike tu utasoma ukitulia.

Menengai ni pazuri mchana. Usiku ni mahali pa kuangalia taa za Nakuru. Hebu fikiria mlisimama wapi, pale watu hupigia picha ni ukingo wa kusini, kwa hivyo ukiangalia shimo unaangalia kaskazini na mji wote umeuwekea mgongo, uko hapo chini tu. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na jiji halilali, zile taa ndefu za mulika mwizi kila mtaa, mabango, magodauni, petroli stesheni, mwangaza wote unapanda juu unagonga vumbi na moshi unarudi unatandaza mbingu kama shuka chafu. Na huko ndani ya shimo nako tangu 2011 walichimba visima vya mvuke, kuna taa za kazi. Sasa wewe ulikuwa umekaa katikati, taa mbele taa nyuma. Watu hudhani ukipanda juu umekaribia nyota. Mita 2,278 kwa nyota ni nini? Ni kama kupanda stuli ndio uone Mombasa.

Kitu cha kwanza uangalie si urefu wa mlima, ni mji uko upande gani. Sisi huku tuko karibu kabisa na ikweta, Njoro iko chini ya nusu digrii kusini yake, na mambo mazuri mengi ambayo watu wa Ulaya hawayaoni kabisa yako upande wetu wa kusini, tena chini chini. Msalaba wa Kusini, zile nyota nne zilizokaa kama msalaba, kwetu ukipanda sana unafika kama thuluthi ya njia kutoka chini hadi utosini, basi. Ukiwa Menengai huo msalaba unakaa juu ya taa za jiji kabisa. Utauona wapi? Kwa hivyo tafuta mahali Nakuru iwe nyuma yako, kaskazini, na mbele yako kusini kusiwe na mji. Na wewe Mungu amekuweka Njoro! Nakuru iko upande wa kaskazini mashariki, na ukishika ile barabara ya Mau Narok unapanda ukielekea kusini, kila kilomita unaiacha Nakuru nyuma.

Na mwezi je, uliangalia? Mimi nimehesabu, hiyo Jumapili mwezi ulikuwa wa siku kumi na mbili, mbalamwezi ya kusomea gazeti. Hapo hata ungeenda jangwani ungeambulia zile kubwa kubwa tu. Usisumbuke na programu za simu, muulize Mama Halima wa duka leo ni tarehe ngapi kwa hesabu ya Kiislamu, hiyo hesabu inafuata mwezi wenyewe. Ukishapita tarehe ishirini hivi mwezi unachelewa kutoka, kila siku kama dakika hamsini zaidi, unapata giza lote la jioni mpaka watoto walale. Hiyo inaendelea mpaka mwandamo na siku tatu nne baadaye.

Sasa mahali penyewe. Kwanza anza kwako nyumbani, usidharau. Ile sekuriti laiti ya sola mliweka kwa geti inawaka kila paka akipita, izime saa moja tu. Mweleze jirani asidhani mmeibiwa. Mtandikie Karis mkeka nyuma ya nyumba, ule upande ukuta unaziba taa za stegi, mlale chali. Halafu mngoje. Hapa ndipo watu hushindwa. Jicho linataka dakika ishirini mpaka nusu saa gizani ndio lifunguke vizuri, na ukiwasha simu mara moja tu kuangalia WhatsApp umeanza upya. Zamani tulikuwa tunafunga tochi na juala nyekundu, lakini tangu 2017 zipigwe marufuku hizo ni historia, chukua tu rangi nyekundu ya kucha upake kioo cha tochi ya zamani. Nyekundu hailiharibu jicho sana. Ukiona kama moshi mwembamba umepita katikati ya mbingu na haiondoki na upepo, hiyo ndiyo Njia ya Maziwa yake, haijafungwa.

Kama hapo haitoshi, sasa ndio barabara ya Mau Narok. Ukishaacha Njoro na ukipita zile nyumba nyumba, unafika kwa mashamba ya ngano yale makubwa, hakuna miti, hakuna stima, mbingu inashuka mpaka kwa makapi ya ngano pande zote. Huko ni juu, baridi yake si ya sweta, ni ya blanketi na kofia na soksi mbili. Nilikuwa nimeenda huko miaka ishirini na kitu na lori za viazi, tunapakia usiku ndio tufike soko la Nakuru kabla ya watu, na nakuambia sijawahi ona nyota kama zile mahali pengine.

Machi 1986, nikiwa na miaka kumi na tisa, springi ya nyuma ilikatika hapo hapo saa tisa usiku, tumebeba magunia ya viazi mpaka juu. Dereva wangu alikuwa mzee mkali, akanituma niweke matawi ya miti barabarani, nikatembea mbele gizani peke yangu na jembe. Nikiinua macho upande wa kusini mashariki naona kitu. Haikuwa nyota, haikuwa wingu. Ilikuwa kama mtu amegusa ubao na chaki halafu akaburuta kidole. Nikarudi mbio nikamwamsha mzee, akatoka, akavua kofia, akaangalia, akasema "hiyo ni vita", akarudi ndani ya lori akafunga kioo. Mimi nikakaa juu ya magunia mpaka kukapambazuka. Baadaye ndio nikasikia redioni ni nyota ya mkia inaitwa Halley, na inarudi 2061. Mimi sitakuwepo mum, lakini Karis atakuwepo.

Ndio maana sitaki aanze na nyota kumi na nne za Menengai.

Lakini sikiliza, hayo mashamba yana wenyewe. Mwaka jana nilipaki pale mahali pangu pa zamani, nikazima taa, nikalala kwa bonti nikiangalia juu, si soja wa shamba akaja na mbwa wawili na rungu, ananiuliza viazi vya mwenye shamba nimeweka wapi. Nikamwambia nahesabu nyota. Akaniangalia. Akasema mzee mzima kama wewe udanganye hivyo? Ilibidi nifungue buti, nifungue mpaka tulbox. Halafu nikamwonyesha sayari ya Zohali kwa ile darubini ndogo, haionyeshi pete lakini unaiona inatulia haimetimeti kama nyota, akanyamaza, akachukua darubini akaangalia mwezi ukitoka, akakataa kuirudisha kwa muda. Sasa ni rafiki yangu. Kwa hivyo nenda mchana kwanza, ongea na soja au mwenye shamba, uliza mahali pa kupaki pasiwe njia ya matrekta, na usiende peke yako na mtoto. Barabarani kwenyewe usikae, malori ya viazi bado yanapita na taa fulu, najua wanavyoendesha maana nilikuwa mmoja wao.

Utaulizwa na watu kuhusu Elementaita. Pazuri, ziwa tambarare, mbingu wazi, lakini si pale kwa vyupointi ya barabara kuu ya Nairobi, kila dakika lori linakumulika. Ukitaka uende chini kulala kwa kambi, na uwaulize kabla ya kulipa kama wanazima taa za nje, wengine huwasha usiku kucha mpaka flamingo wanadhani ni mchana. Ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru sahau, kama hulali humo unatakiwa kuwa nje saa kumi na mbili jioni, na nyati hajali unaangalia nini.

Kuhusu hicho kitabu cha Karis cha Uingereza kinachosema atafute Nyota ya Kaskazini, mwambie aachane nayo. Kwetu iko sawa na upeo wa macho, nyuma ya miti na vilima na vumbi, hataiona. Mwonyeshe zile nyota tatu za mstari mmoja, mshipi wa Orion. Hizo huku kwetu zinatoka mashariki kabisa, zinapita juu ya kichwa, zinazama magharibi kabisa, ukipotea usiku zitakuonyesha njia kuliko hiyo ya kaskazini. Karibu yao kuna Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, mamangu alikuwa anajua msimu wa kulima kwa hicho bila kalenda. Mwambie ahesabu ngapi anaona, macho ya mtoto yanaweza kufika saba, mimi siku hizi naona nne na ukungu.

Wakati mzuri ni Desemba mpaka Februari, kiangazi. Karibu tarehe 13 na 14 Desemba kila mwaka kuna vimondo vingi, vinaanza kuonekana vizuri kuanzia saa nne usiku. Sasa ile sehemu nene ya Njia ya Maziwa, ambayo vitabu vyote vina picha yake, jioni inaonekana Juni mpaka Agosti, na wewe unajua Njoro ya Julai, mawingu na manyunyu. Dawa yake ni hii: ukitaka kuiona kwa kiangazi amka saa kumi alfajiri mwisho wa Februari. Itakuwa imepanda vizuri kusini mashariki, na Msalaba umeinama kusini ukielekea magharibi. Wenye malori wanaijua hiyo saa. Wenye vitanda hawaijui.

Nimeangalia, mwezi utaandama Jumatano ya wiki ijayo, kwa hivyo Ijumaa inayofuata ni giza. Nitatoka Nakuru saa kumi na moja jioni, nitapitia kwako. Mamako anatuma flaski mbili na ile leso nzito. Karis avae buti za mvua kwa ajili ya umande na hiyo tochi yake mpya ya kumulika mpaka Molo aiache nyumbani, nimesema. Na ununue sukari kilo mbili kwa Mama Halima, moja ni ya soja, aliniomba mara ya mwisho na nikasahau.

Babako