Hakupigana, lakini hakurudi mzima

Mhariri,

Mpaka wa Katuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulipofunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, habari zilikuwa za malori na wafanyabiashara, na ilikuwa haki yao. Kuhusu askari waliokesha kwenye vilima vile vya Kabale tangu ulipofungwa Februari 2019, mimi sikusikia neno.

Mume wangu, koplo, alikuwa huko. Hakuna risasi iliyopigwa mbele yake, ndiyo maana watu huuliza: vita haikuwepo, sasa anaumwa nini? Mwenyewe aliniambia kilichomchosha. Ni kumtazama askari wa ng'ambo ya bonde, anayejua Kiswahili kama yeye, bila kujua kama amri itatoka usiku huu, mwezi ujao au haitatoka kabisa. Wakongwe waliopigana na Wanyarwanda kule Kisangani, Kongo, mwaka 2000 waliwasimulia vijana jinsi marafiki wa jana walivyogeukiana. Yalikuwa kweli tupu, na usingizi ukamhama.

Sasa tuko Bombo. Saa kumi usiku ameshavaa buti, ameketi akiuelekea mlango. Bodaboda ikilipuka mlio barabarani, anawasukuma watoto chini ya meza. Kitinda mimba wetu ameacha kumrukia mgongoni, alivyozoea.

Nilipomwomba amwone daktari wa akili, alisema atanyang'anywa bunduki na wenzake watamwita mtu wa Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba yangu pia alikuwa askari, nimekulia kambini. Sikuwa na la kumbishia.

Anayerudi kutoka Somalia, hata jirani anajua ametoka pagumu, anampa pole. Wa mpakani anapokewa kana kwamba alikuwa likizo. Hilo linaniuma sana.

Naomba wakubwa wa jeshi waagize kwamba kila anayetolewa mpakani azungumze na mshauri nasaha kabla ya kurudi kwa familia yake. Iwe amri kwa wote, maafande na askari wa kawaida, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Ikiwa ni amri, mume wangu atakwenda. Amri hajawahi kuikataa. Na sisi wake zao tuitwe siku nyingine, wao wakiwa hawapo, tuulizwe tunayoyaona usiku. Mbele yake mimi sitayasema.

Mke wa askari,
Bombo
(Jina langu naomba lihifadhiwe.)